Bwawa la Jackson na mstari wangu wa uongo

Haya, nimerudi. Wale walioniuliza kwa nini nimekuwa kimya wiki tatu, jibu ni kwamba nilikuwa mlimani, na kwa muda wa kama robo saa hivi nilikuwa nimepotea kabisa. Si kupotea kwa utani. Kupotea kwa ukungu, miguu ikiwa kwenye mteremko nisioujua, na simu mkononi ikiniambia kwamba niko sawa tu.

Na ubaya wa hadithi hii ni kwamba programu iliyonipoteza niliiandika mwenyewe.

Nianze mwanzo. Ukisimama Adungosi asubuhi mapema, kabla vumbi la malori yanayoelekea Malaba halijapanda, utauona Mlima Elgon upande wa kaskazini. Hauna ncha kali kama Mlima Kenya. Ni kama mtu aliyelala chali na kujifunika blanketi. Nimeuona tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiria kuupanda. Huku kwetu mlima ni kitu cha kukuambia kama mvua inakuja. Watu wa kupanda ni wazungu wenye mikoba mikubwa wanaoshuka kwenye basi Malaba na kuwauliza watu wa bodaboda njia ya Mbale. (Kwa wasiojua: hilo neno bodaboda lilizaliwa hapa hapa mpakani, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Halafu Nairobi wanajifanya ni lao!)

Mlima wenyewe si mdogo. Ni volkano iliyozimika zamani sana, ya mamilioni ya miaka, na kitako chake kina upana wa karibu kilomita 80. Kilele kirefu ni Wagagai, mita 4,321, na kiko Uganda. Upande wa Kenya tuna Koitoboss, mita 4,222, ambacho wengi hukipanda kupitia lango la Chorlim karibu na Kitale. Nilichagua upande wa Uganda kwa sababu moja tu: nilitaka kuona Bwawa la Jackson.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu lugha imenisumbua. "Bwawa" kwa wengi wetu ni mahali pa kuogelea au maji yaliyozuiwa kwa ukuta. "Kidimbwi" ni yale maji ya barabarani baada ya mvua ambayo matatu inakurushia. "Ziwa" ni Victoria. Sasa maji kidogo, safi, yaliyokaa ndani ya kibakuli cha mawe kule juu baridi ilikotawala, tuyaiteje? Nimeuliza watu watatu nikapata majibu manne. Nitasema bwawa na tuendelee.

Jina la Jackson ni la Frederick Jackson, Mwingereza aliyepita kwenye mlima huu mwaka 1890 na msafara wake, akaja kuwa gavana wa Uganda kuanzia 1911 hadi 1918. Yule kinyonga mwenye pembe tatu pia ana jina lake. Wamasaba waliuita mlima kwa jina lao, Masaba, kabla hajazaliwa, lakini kwenye ramani ni yeye aliyebaki. Ukiwa wa kwanza kuweka data, jina lako ndilo linalokaa. Sisi watu wa programu tunalijua hilo vizuri.

Basi, Januari, msimu wa kiangazi, tukatoka watu watatu. (Huku kwetu karibu na ikweta hakuna majira ya joto na ya baridi kama Ulaya. Kuna mvua na kuna jua, na ukitaka kupanda Elgon bila kuogelea kwenye matope, nenda kati ya Desemba na Februari.) Malaba unavuka kwa kitambulisho tu, tangu 2014 Wakenya hatuhitaji pasipoti kwenda Uganda. Ukabadilisha pesa, ukapanda matatu ya Tororo, ukapita lile jiwe kubwa, ukafika Mbale. Kutoka Mbale ni Budadiri, na hapo ndipo njia inayoitwa Sasa inapoanzia. Huwezi kupanda bila mtu wa hifadhi, hiyo ni kanuni. Sisi tulipewa askari mmoja na kiongozi mmoja wa njia, mzee wa makamo mwenye gamboti na mwavuli, na tukachukua wapagazi wawili.

Sitawachosha na siku ya kwanza. Ni kupanda, kupanda tena, halafu msitu wa mianzi, halafu miguu kulia. Jioni kambi ya mto Sasa, kama mita 2,900, tukala malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Kama hujawahi kula malewa, basi Mbale hujafika hata kama ulifika. Siku ya pili Pango la Mude, mita 3,500, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi kama 88 tu, kwa hiyo usijaribu kupika maharagwe. Mwenzetu mmoja alijaribu. Tuliyala hivyo hivyo, yakigonga meno.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, nyasi zikiwa na barafu nyembamba juu yake. Kule juu mimea imechanganyikiwa. Kuna senesio zenye urefu wa mtu na nusu, na lobelia ambazo usiku hufunga majani yake kama ngumi ili moyo usigande. Asubuhi tulilipita bwawa haraka haraka kwa sababu kila mtu alitaka kilele. Tukafika Wagagai, tukapiga picha, upepo ukatufukuza. Tukashuka, na saa saba mchana tukawa tumerudi bwawani.

Ni dogo. Niseme ukweli, ukilitafuta kwa picha za Uswisi utasikitika. Lakini ukikaa pale kimya dakika tano unaelewa kwa nini mtu atembee siku tatu. Maji ni meusi ukiyaangalia kwa mbali, na ukisogea ni safi hadi unaona kila jiwe la chini. Mawe makubwa yamelizunguka kama watu waliokuja kuangalia kitu. Elgon iliwahi kuwa na barafu ya kudumu, katika zama za barafu, na barafu ile ilikwangua mashimo ya namna hii kule juu kabla haijayeyuka na kuondoka. Ukifikiria kwamba mvua na ukungu wa mlima huu mmoja huenda pande tatu, moyo unatulia. Upande mmoja mito huingia Nzoia na kwenda Ziwa Victoria. Upande mwingine Suam hutoka katikati ya kreta, ikawa Turkwel, ikafika Turkana. Na upande wetu kuna mto Malaba, ule ule tunaouvuka tukienda kununua vitenge, unaoishia kwenye mabwawa ya Kyoga. Nilitia mkono ndani. Ulikufa ganzi kabla sijahesabu kumi.

Sasa tuingie kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mimi kazi yangu ni programu za simu. Mwaka juzi niliandika programu ndogo ya kufuatilia vifurushi vinavyobebwa na bodaboda kati ya Busia, Adungosi na Malaba. Inarekodi njia, mteja anaona mzigo wake umefika wapi, basi. Inafanya kazi vizuri. Kabla ya safari nikajiambia, kwa nini nisiitumie mlimani? Nitarekodi njia nikipanda, halafu nikirudi nyumbani niiweke kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast mwaka 2004, ili vijana wengine wa huku wajue kwamba mlima wanaouona kila siku unapandika. Nia njema kabisa!

Pale bwawani mwenzetu mmoja alianza kuumwa kichwa, kile cha mwinuko. Askari akasema ashuke sasa hivi, wala si baadaye. Mimi bado nilikuwa napiga picha. Nikamwambia kiongozi, "Mzee, tangulieni tu, nitawafuata, njia ninayo kwenye simu." Akaniangalia. Akakubali kwa shingo upande, akanipa dakika kumi, akasema atanisubiri pale njia inapokata kona kuzunguka korongo.

Dakika kumi zikawa ishirini. Mnanijua. Halafu ukungu ukaja. Kama hujauona ukungu wa Elgon, ni kama mtu amefunga pazia. Bwawa lilikuwa mbele yangu, kisha halikuwepo. Nikatoa simu, nikafungua programu yangu, nikaona mstari mwekundu mzuri niliourekodi asubuhi na kidoti cha buluu, ambacho ni mimi. Nikaufuata mstari kwa kujiamini kwa mtu aliyeuandika.

Baada ya muda nikaona nyasi zimekuwa mafungu mafungu, hakuna dalili ya mguu wa mtu, na ardhi inainama kuliko ninavyokumbuka. Naangalia simu: kidoti kiko juu ya mstari kabisa. Naangalia chini: hakuna njia. Naangalia simu: uko sawa. Nikapiga hatua nyingine kama tano na jiwe likatoka chini ya kiatu changu, likabingirika, na sikulisikia likifika.

Nikasimama. Hapo ndipo niliposikia filimbi, si mbele yangu, bali kushoto na juu. Mzee alikuwa pale pale aliposema atakuwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimekata kona yake. Nilipanda kuelekea kwenye filimbi kwa mikono na magoti, nikamkuta amesimama na mwavuli wake kama mtu anayesubiri matatu.

Aliniuliza, "Hiyo simu imepita hapa mara ngapi?"

Nikasema mara moja, asubuhi.

"Basi."

Hakusema zaidi. Afadhali angenifokea.

Usiku ule pangoni nilifungua msimbo kichwani na kuelewa nilichofanya, na nitaeleza kwa sababu naamini programu nyingi mnazotembea nazo zina kitu hiki hiki.

Simu hupata mahali ilipo kwa kusikiliza satelaiti za GPS zilizoko kilomita kama 20,200 juu yetu. Ikisikia angalau nne, inapiga hesabu ya muda ambao kila ishara ilichukua kufika. Haihitaji mtandao wa simu kwa hilo, watu wengi hudhani inahitaji. Mtandao husaidia tu kuipa ratiba ya satelaiti haraka ili isisubiri. Kwa hiyo GPS yangu ilikuwa nzima. Lakini kusikiliza satelaiti kunakula betri, na betri kwenye baridi huisha upesi, kwa hiyo programu yangu ilikuwa inachukua pointi moja kila sekunde 60. Kwa bodaboda ya lami ni sawa. Kwa mtu anayetembea kilomita tatu kwa saa, ni pointi moja kila mita 50. Katika mita 50 za mlimani njia inaweza kufanya mambo mengi sana.

Na hiyo si mbaya kuliko zote. Kabla ya kuhifadhi, programu yangu "husafisha" mstari. Inatumia njia ya Douglas na Peucker, ya mwaka 1973, ambayo karibu kila mtu wa ramani ameitumia. Hesabu yake ni rahisi na nzuri. Unachukua pointi ya kwanza na ya mwisho, unachora mstari ulionyooka kati yake, unatafuta pointi iliyo mbali zaidi na mstari huo. Kama umbali wake unazidi kiwango ulichoweka, unaihifadhi na kurudia kazi kila upande. Kama hauzidi, unatupa kila kilichoko katikati. Matokeo: faili dogo, mstari mzuri usiotetemeka. Kiwango nilichoweka mimi kilikuwa mita 40. Kwa nini 40? Kwa sababu kwenye barabara ya Busia hadi Malaba hakuna kona ya maana ndani ya mita 40, na mteja anataka tu kujua kama mzigo umepita Adungosi.

Sasa ile kona ya mzee, inayozunguka korongo, ilikuwa ndani ya mita 40. Programu ikaitazama, ikaona ni kelele, ikaitupa. Halafu ikanichorea mstari mnyoofu juu ya korongo, mwekundu, bila aibu, kana kwamba kuna daraja.

Nimesoma maandishi mengi ya kulaumu ramani za simu, watu wameingiza magari mtoni na kadhalika, na kila mara hitimisho huwa "watu wasiamini teknolojia". Mimi sikubaliani. Ni hitimisho la kivivu. Mimi niliamini mstari kwa sababu mstari uliniambia uongo, na uliniambia uongo kwa sababu mtu, yaani mimi, aliamua kwamba kitu kizuri kutazama ni bora kuliko kitu kilichotokea. Kosa halikuwa la mtumiaji. Mtumiaji na mwandishi walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo naweza kuwahukumu wote wawili bila kuogopa kushtakiwa.

Chukua kile kidoti cha buluu. Simu yenyewe, ndani kabisa, haidai kwamba uko pale. Kwenye Android, mfumo hutoa pia nusu kipenyo cha duara, na maelezo yake rasmi yanasema kwamba uwezekano wa kuwa ndani ya duara hilo ni asilimia 68. Soma tena. Yaani kwa kila mara tatu, karibu mara moja uko nje ya duara. Simu inajua haijui! Halafu sisi watu wa programu tunachukua duara lile, tunaliona linachafua skrini, tunalifuta, tunaacha kidoti kikali kama ncha ya sindano. Nimefanya hivyo mwenyewe, mara nyingi, na nikalipwa. Hakuna mteja aliyewahi kuniomba nimwonyeshe mashaka.

Ndiyo maana maoni yangu, na najua baadhi ya wenzangu watanicheka, ni haya: programu yoyote inayomwongoza mtu kwa miguu inapaswa kuonyesha inachokosa kwa ukubwa ule ule inaoonyesha inachojua. Kama kati ya pointi mbili hukurekodi kitu, usichore mstari kamili. Weka nukta nukta. Kama umesafisha njia, sema umesafisha kwa mita ngapi. Kama data ni ya mtu mmoja aliyepita mara moja, andika hivyo, kama mzee alivyoniuliza. Na weka tarehe. Mlima huu ardhi yake inahama. Machi 1, 2010 maporomoko yalifukia kijiji cha Nametsi kule Bududa. Oktoba 2018 Bududa tena. Novemba 27, 2024 Bulambuli. Ni mlima huo huo mmoja, upande huo huo wa magharibi. Njia iliyorekodiwa kabla ya mvua kubwa inaweza kuwa hewa baada yake, na mstari mwekundu hauzeeki, unabaki mwekundu vile vile.

Mtu ataniambia, "Basi acha kuweka njia kwenye ramani kabisa, watu waende na viongozi." Nimelifikiria hili sana tangu nirudi, kwa sababu lina upande wa pesa. Mzee yule analisha nyumba yake kwa kujua ile kona. Nikiiweka mtandaoni bure, nimemnyang'anya kitu? Rafiki yangu mmoja wa Bungoma anasema ndiyo, na anasema tena kwamba bwawa likijulikana litajaa chupa za plastiki kama kila mahali palipojulikana.

Kwenye plastiki simpingi, nilikuta pakiti ya biskuti kwenye maji na nikarudi nayo. Lakini kuhusu pesa nadhani anakosea. Budadiri haina tatizo la watu wengi mno. Siku tulizokaa mlimani tulikutana na kundi moja tu. Kilimanjaro na Mlima Kenya zinajulikana kwa sababu zina ramani, picha, hadithi, watu wanaoweza kukaa nyumbani na kupanga. Elgon ikitafutwa kwenye mtandao inaleta popo wa Pango la Kitum na virusi vya Marburg vya 1980 na 1987, mtu anafunga kompyuta na kwenda Mombasa. Kadiri ramani inavyokuwa tupu ndivyo mzee anavyokaa Budadiri akisubiri wageni wasiokuja. Ramani ya kweli ingemletea kazi. Ramani ya uongo, kama yangu, ingemletea maiti wa kubeba. Samahani kwa kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo nimeamua kuweka, ila nimeweka tofauti na nilivyopanga. Kwanza nilifuta mstari wa programu yangu wote. Bahati nzuri mwenzangu wa tatu alikuwa na kifaa cha mkononi cha GPS cha zamani, kile cha betri za kawaida, ambacho hurekodi kila sekunde tano na hakisafishi chochote. Mstari wake unatetemeka kama mwandiko wa mtoto, na kona ya mzee imo humo, nzima, ukiikuza unaiona kabisa. Huo ndio niliouweka. Sehemu ya chini ya kilele betri zake zilikwisha, na pale nimeacha pengo. OpenStreetMap ina lebo ya kusema njia inaonekana kwa kiasi gani ardhini, na nyingine ya ugumu wa njia, ambayo kipimo chake kinatokana na chama cha wapanda milima cha Uswisi. Nilijaza zote mbili. Nilicheka kidogo kuona kipimo cha Alps hakina mahali pa kuandika "tope la mianzi hadi magotini", lakini nimekadiria.

Bwawa lenyewe nilikuwa na hamu ya kulichora ukingo wake kwa picha za satelaiti. Hapo pia nikajifunza. Data ya mwinuko inayotumiwa na programu nyingi za bure ni ile iliyopimwa na chombo cha Endeavour mwezi Februari 2000, kwa siku 11, na kila kipande chake ni kama mita 30 kwa 30. Kitu kidogo kama bwawa letu kwenye data hiyo ni vipande vya kuhesabu kwa vidole. Haishangazi kwamba ukifungua programu nyingine hulioni kabisa, ni kijani kitupu au kijivu. Nimelichora kwa mkono, kwa picha zangu na pointi sita nilizochukua nikilizunguka. Ukingo wa kaskazini sikuufika, kwa sababu ya ukungu. Umekaa kwa kukisia na nimeandika hivyo kwenye maelezo yake.

Programu ya bodaboda nayo nimeibadilisha. Kusafisha kumehamia kwenye kuonyesha tu, data halisi haiguswi. Duara la mashaka limerudi. Mteja wangu wa kwanza kuliona alinipigia simu kuniuliza mbona mzigo wake umekuwa mviringo. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo siku zote hamkuwa mnajua uko wapi?" Nikamwambia tulikuwa tunajua ndani ya mita 20 hivi, mara mbili kwa tatu. Kimya kirefu. Bado ni mteja wangu, lakini sasa kabla hajatoka nyumbani anampigia dereva kwanza.

Na mwenzetu wa kichwa alipona alipofika Pango la Mude, kama askari alivyosema. Tulipoachana Budadiri nilimwonyesha mzee faili la kifaa kile kwenye simu, nikakuza pale kwenye kona yake. Akaangalia muda mrefu, akageuza simu upande, akairudisha sawa. Akasema korongo nimelipatia, lakini kuna njia nyingine ya juu zaidi ambayo wao huipita wakati wa mvua, na hiyo haimo. Tumekubaliana nirudi Agosti anionyeshe, na safari hii kazi ya kurekodi ni yake na mimi ndiye nitakayebeba mzigo. Kama kuna msomaji aliyepita Elgon kwa njia ya Piswa au ya Sipi na ana faili ambalo halijasafishwa, tafadhali niandikie. Lile lililosafishwa, kaa nalo.